Halmashauri ikisema imefikia asilimia 96, imefanya nini hasa?

Juni 30 ikishapita mwaka wa fedha wa serikali unafungwa, na kuanzia hapo magrupu ya WhatsApp ya mitaa ya Dar yanajaa mabango na video fupi za mafanikio ya halmashauri, meya kavaa joho, mkurugenzi kashika maiki, chini maandishi makubwa kwamba makusanyo yamefika asilimia kadhaa, madarasa kadhaa, zahanati kadhaa, mikopo bilioni kadhaa. Halafu ugomvi unaanza. Mmoja anasema mbona barabara ya kwetu Kivule haipitiki, mwingine anasema maji hayatoki, mwingine anawaambia wote hamna shukrani. Ukifuatilia unakuta watu wanabishana kuhusu ofisi tano tofauti wakidhani ni moja, na hela za aina tatu wakidhani ni hela moja. Siyo kosa lao, mfumo wenyewe una mafundo mengi na hakuna anayekaa chini kuwaeleza. Ngoja tuyafungue taratibu. Natumia Dar kwa sababu ndo naijua vizuri, ila ukiwa Mwanza, Mbeya, Arusha, Tanga au Dodoma utaratibu ni ule ule.

Jiji lenyewe ni lipi

Halmashauri ni serikali yenu ya karibu, ina upande wa madiwani ambao mnawachagua na upande wa wataalamu wakiongozwa na mkurugenzi ambaye anateuliwa na Rais. Meya hachaguliwi na wananchi moja kwa moja, anachaguliwa na madiwani wenzake. Chini kuna kata na mitaa, juu kuna TAMISEMI, yaani wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa siyo halmashauri, wale wanawakilisha serikali kuu, ingawa kwenye picha za uzinduzi utawaona wote wamesimama mstari mmoja wakikata utepe na ndo hapo mtu anachanganyikiwa.

Kwa Dar kuna fundo la ziada. Hadi Februari 2021 kulikuwa na halmashauri ya jiji iliyokaa juu ya manispaa zote tano. Mwezi huo Rais Magufuli akaivunja, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi ikawa ndo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki manispaa zinazojitegemea, kila moja na meya wake, mkurugenzi wake na bajeti yake. Kwa hiyo ukisikia "Jiji la Dar es Salaam limejenga" hapo inaongelewa Ilala, kuanzia Posta na Kariakoo mpaka Chanika na Msongola huko, haiongelewi Mbagala wala Tegeta. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa mzima na Ilala walikuwa 1,649,912, haifiki hata theluthi. Mtu wa Mbezi Luis anayemdai meya wa jiji zahanati anagonga mlango usio wake, wa kwake ni meya wa Ubungo.

Nani anafanya nini

Hapa ndo penye kelele nyingi kwa hiyo tukae kidogo.

Barabara kubwa, zile kuu na za mkoa, ni za TANROADS. Barabara za mitaani na za wilaya zilikuwa za halmashauri zamani, ila tangu 2017 ziko chini ya TARURA, ambao ni wakala wa serikali kuu chini ya TAMISEMI. Mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi za TARURA, maana yake hata bodaboda wa Gongo la Mboto anazichangia kila akijaza mafuta. Zipo halmashauri zinazotoa hela zake kuwaongezea TARURA, na hapo barabara hiyo hiyo inaweza ikatajwa kwenye taarifa ya TARURA na ya halmashauri pia.

Maji ni DAWASA, umeme TANESCO, nauli na njia za daladala LATRA, mwendokasi DART. Muhimbili ni ya Wizara ya Afya, na hospitali za rufaa za mkoa yaani Amana, Temeke na Mwananyamala nazo zilishahamishiwa huko, halmashauri haiziendeshi tena. Soko kuu la Kariakoo, lile lililoungua Julai 2021, lina shirika lake kabisa.

Sasa halmashauri imebaki na nini? Imebaki na vingi tu, tena vya kila siku. Majengo na uendeshaji wa shule za msingi na sekondari za serikali (mishahara ya walimu inatoka Hazina), zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, kuzoa taka, masoko ya kata, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, mipango miji, ustawi wa jamii, na ile mikopo ya vikundi. Hivyo ndo vitu unavyotakiwa kuipimia kwanza.

Ila diwani asije akakwepa kwa kukwambia "hiyo ya barabara siyo yetu, nenda TARURA". Meneja wa TARURA wa wilaya anakuja kwenye baraza la madiwani kutoa taarifa, na diwani wako ana haki ya kumbana pale pale mbele ya watu wote, kwa hiyo barabara kutokuwa ya halmashauri hakumuondolei diwani kazi ya kuisemea. Kuna maeneo mengine kazi zinaingiliana mpaka huwezi kuzitenganisha, mfano mtaro wa pembeni mwa barabara ni wa TARURA lakini taka zilizouziba ni jukumu la halmashauri, mvua ikinyesha nyumba zinajaa maji na kila ofisi inaonyesha kidole kwa mwenzake. Aliyeloweshewa godoro hana muda wa kujua mpaka wa kisheria uko wapi, anataka mtaro uzibuliwe.

Bajeti, hela iliyoingia na hela iliyotumika

Haya ni mambo matatu tofauti na kwenye mabango yanachanganywa kila mwaka. Chukulia kamati ya harusi. Kamati inakaa inapanga bajeti milioni 30, watu wanaandika ahadi zinafika milioni 24, siku zinasogea makusanyo yaliyopo mkononi ni milioni 15, na mpaka siku ya sherehe zimetumika 14 na ukumbi bado unadaiwa. Mwenyekiti akisimama akasema "ndugu wajumbe, harusi yetu ni ya milioni 30" hajadanganya, ila ukumbi haulipwi kwa bajeti.

Halmashauri ndo hivyo hivyo. Madiwani wanapitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, Aprili inaenda bungeni ndani ya bajeti ya TAMISEMI, Julai 1 inaanza kutumika. Hapo imepangwa tu. Halafu hela zinaingia kidogo kidogo, nyingine zinafika Mei au Juni wakati mwaka unaisha, mradi unaanza kwa kukimbizana na unamaliziwa mwaka unaofuata. Ndo maana darasa moja unaweza kulikuta kwenye taarifa ya mwaka huu kama "tumetenga fedha", mwakani "tumeanza ujenzi", mwaka wa tatu "tumekamilisha", na mtu asiyefuatilia akahesabu madarasa matatu.

Hela zenyewe zinatoka pande tatu kubwa. Kuna mapato ya ndani, ambayo halmashauri inakusanya yenyewe kwenye leseni, vibali, ushuru wa masoko, ada za taka na kubwa kuliko zote kwa mjini ni ushuru wa huduma, ambao kampuni na wafanyabiashara wanalipa kama asilimia ndogo ya mauzo yao. Ukielewa ushuru huo utaelewa kwa nini Ilala ina hela na Kigamboni inahangaika, wala siyo kwamba wakurugenzi wa Ilala wana akili zaidi, ni kwamba Kariakoo, Posta na viwanda vya barabara ya Nyerere viko kwao. Upande wa pili ni ruzuku ya serikali kuu, humo kuna mishahara na miradi. Upande wa tatu ni mikopo na misaada kutoka nje inayopitia serikalini, mfano DMDP, mradi wa Benki ya Dunia uliojenga barabara, mitaro na masoko kwenye manispaa za Dar.

Swali la "hela ya nani" siyo la kuchokoza watu, ni la msingi kabisa. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO, na humo yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima, milioni 20 kwa darasa. Kila halmashauri iliyaweka kwenye mafanikio yake ya mwaka huo. Ilikuwa sawa kwa sababu ndo zilisimamia ujenzi, lakini mwaka uliofuata mkopo ule haupo, madarasa mapya yakapungua, watu wakasema mkurugenzi mpya kalala. Kilichopungua ni hela iliyotoka juu. Ukitaka kuijua halmashauri yako yenyewe kama yenyewe angalia mapato ya ndani na yamekwenda wapi. Utaratibu unazitaka halmashauri zitenge sehemu ya mapato hayo kwa maendeleo, nyingi asilimia 40 na zile zenye makusanyo makubwa 60 au zaidi. Hiyo namba waulizeni, kwenye mabango haipo.

Kabla sijatoka kwenye hela kuna hii ya LUKU. Kuanzia 2021 kodi ya majengo inakatwa ukinunua umeme, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda kuwa 1,500. Watu wengi wanaamini ile hela inaenda moja kwa moja halmashauri, kwa hiyo wanasema "nakatwa kila mwezi na taka hazizolewi". Ile ni kodi inayosimamiwa na TRA na inaingia mfuko mkuu wa serikali, halmashauri inarudishiwa sehemu tu. Taka ina ada yake.

Asilimia zisikuzuzue

"Tumekusanya asilimia 104 ya lengo." Makofi. Lakini lengo nani kaliweka? Halmashauri yenyewe. Ikiweka lengo dogo itafika 104 bila jasho, ikiweka lengo kubwa la kujituma ikafika 88 inaweza kuwa imekusanya hela nyingi kuliko yule wa 104. Cha kulinganisha ni shilingi za mwaka huu na shilingi za mwaka jana na mwaka juzi. Kama mwaka jana zilikuwa bilioni 50 na mwaka huu 51, hiyo asilimia 104 ni sawa na kusimama pale pale, maana bei ya saruji na nondo haijakusubiri.

Asilimia ya pili ni ya ujenzi, "mradi umefikia asilimia 85". Aliyewahi kujenga anaijua vizuri hii. Msingi, kuta, lenta, kupaua, vinaonekana kwa macho na vinakwenda haraka. Umaliziaji ndo unakula hela, plasta, milango, madirisha, umeme, maji, rangi, mashimo ya vyoo. Jengo la asilimia 85 linaweza kukaa miaka miwili kwenye hiyo 85 na kila taarifa ikaiandika kama kazi inaendelea. Ukisikia asilimia, uliza mwaka jana ilikuwa ngapi. Swali hilo moja linatosha.

Asilimia ya tatu ni ya vipaumbele. Taarifa inasema "tumetekeleza vipaumbele vyetu kwa asilimia 96", na ndani yake kukarabati ofisi ya kata na kujenga kituo cha afya vinahesabiwa sawa, kila kimoja alama moja. Ukifanya madogo yote ukaacha makubwa mawili bado unafika tisini na kitu.

Jengo siyo huduma

Hapa ndo panaponiuma zaidi, nataka tuangalie zahanati moja kwa karibu namna inavyozaliwa kwenye kata zetu za pembezoni.

Mara nyingi inaanza na wananchi. Mtaa unakubaliana, watu wanachanga, wengine wanatoa tripu ya mchanga, wengine matofali, jengo linapanda mpaka lenta halafu nguvu inaisha. Hilo ndo tunaliita boma. Linakaa hapo, mvua inalipiga, watoto wanachezea ndani, majani yanaota kwenye msingi. Siku halmashauri inaleta, tuseme, milioni 50 za kumalizia. Kazi inafanywa kwa fosi akaunti, yaani hakuna mkandarasi mkubwa, inaundwa kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi kutoka kwa wananchi na watumishi, mafundi wanatafutwa hapo hapo mtaani, vifaa vinanunuliwa na kamati. Ukiisimamia vizuri inaokoa hela nyingi sana, ukiisimamia vibaya saruji mifuko 100 inasainiwa na kwenye stoo imeingia 80. Kwa hiyo ukisikia kamati ya mapokezi inatafuta wajumbe usiogope kujitokeza, ile ndo inayohesabu mifuko ikishushwa kwenye gari, na huyo anayehesabu anatakiwa awe mtu asiyeona aibu kusema haijatimia.

Jengo linaisha. Vigae vinang'aa, rangi mpya, picha zinapigwa, kwenye taarifa ya mwaka inaandikwa zahanati 1 imekamilika. Ila mama mjamzito wa mtaa ule bado anapanda bodaboda kwenda kata ya pili kujifungua. Kwa nini? Kwa sababu zahanati haijawa zahanati mpaka iwe na kichomea taka na shimo la kutupia kondo la nyuma, iwe na maji ya uhakika, isajiliwe, ipangiwe watumishi, na ifunguliwe akaunti MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, ili iweze kuagiza dawa. Watumishi hawaajiriwi na mtaa wala hawaajiriwi na diwani, kibali cha ajira kinatoka serikali kuu. Mara nyingi anaanza muuguzi mmoja aliyehamishwa kutoka kituo kingine, na kile kituo kingine kinabaki na pengo ambalo taarifa haitalisema.

Kwa hiyo mkiambiwa zahanati imekamilika, ulizeni imeanza kuhudumia tarehe ngapi, ina watumishi wangapi, na wiki iliyopita imeona wagonjwa wangapi. Majibu ya maswali hayo yapo kwenye rejista ya kituo, hayahitaji utafiti.

Hapa niseme na kuhusu Mwenge wa Uhuru, maana watu wanauchanganya. Mwenge ukipita kwenye mradi unaweza kufanya mambo tofauti. Kuweka jiwe la msingi maana yake mradi bado unajengwa. Kuzindua maana yake umekamilika, uko tayari kutumika. Kutembelea au kukagua maana yake wameuangalia tu. Picha zinafanana, umati ule ule, nyimbo zile zile, lakini mradi uliowekewa jiwe la msingi usiuhesabu kama umeisha. Na viongozi wa mbio za Mwenge huwa wanakataa kuzindua mradi wakiona nyaraka hazijakaa sawa au kazi ni mbovu, tumeshawasikia mara nyingi tu, kwa hiyo ukiona mradi uliotangazwa utazinduliwa na haukuzinduliwa, nenda kaulize kulikoni.

Hati safi

Kila Machi CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anamkabidhi Rais ripoti za ukaguzi na Aprili zinaingia bungeni, na hapo halmashauri zinaanza kutangaza "tumepata hati safi". Mtaani watu wanaelewa hakuna aliyeiba. Sivyo. Hati inayoridhisha inasema kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa viwango vinavyotakiwa na zinaonyesha hali halisi kwa mambo makubwa. Haisemi kwamba kila shilingi imetumika kwa busara, haisemi kwamba darasa lililojengwa halina nyufa, na haisemi kwamba mradi uliochaguliwa ndo uliohitajika. Halmashauri yenye hati safi inaweza kuwa na kurasa kadhaa za hoja za ukaguzi kwenye ripoti ile ile, makusanyo yaliyobaki kwa mawakala bila kupelekwa benki, mikopo isiyorejeshwa, manunuzi nje ya mfumo. Hati yenye shaka na hati isiyoridhisha ni mbaya zaidi, na mbaya kabisa ni pale CAG anaposhindwa kutoa maoni kwa kukosa vielelezo. Lakini hata safi unatakiwa ufungue kurasa za ndani. Ripoti ipo kwenye tovuti ya ofisi ya CAG, tafuta jina la halmashauri yako, soma hoja za miaka iliyopita ambazo hazijafungwa. Mimi huko ndo naanzia siku zote kabla sijasoma bango lolote.

Mikopo ya asilimia kumi

Sheria tangu 2018 inazitaka halmashauri zote zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisimamisha baada ya ripoti kuonyesha matatizo makubwa ya urejeshaji na vikundi hewa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 za majaribio zikapewa utaratibu wa kupitia benki, jiji la Dar likiwemo, nyingine zikaendelea zenyewe kwa kanuni zilizorekebishwa.

Kuna imani mbili zinazoharibu kitu hiki kizuri. Ya kwanza, kwamba ni hela ya serikali ya bure, ukipata umepata. Ile inatakiwa izunguke, kikundi cha akina mama wa Buguruni kikirudisha, vijana wa Vingunguti wanakopa, na kisiporudisha kuna mtu halisi aliyekosa mashine ya kufyatulia matofali. Ya pili ni ya ofisi zenyewe, kwamba kufanikiwa ni kutoa. "Tumetoa bilioni 10" ni nusu ya habari, nusu nyingine ni zimerudi ngapi na vikundi vingapi bado viko hai baada ya mwaka. Ningependa siku moja nione bango la marejesho.

Watu wanaongezeka

Hii haisemwi sana na ndo inayoeleza kwa nini mtu anajenga na bado haoni unafuu. Mwaka 2012 mkoa wa Dar ulikuwa na watu 4,364,541, miaka kumi baadaye 5,383,728. Imeongezeka kama laki moja kila mwaka, na wengi hawaendi Upanga, wanaenda pembezoni kwenye viwanja vya bei nafuu ambako shule na zahanati ni chache. Darasa la shule ya msingi linatakiwa liwe na wanafunzi 45. Tuseme halmashauri imejenga madarasa 100, hiyo ni nafasi 4,500. Kama mwaka huo huo wanafunzi wameongezeka 6,000, basi imejenga madarasa 100 na msongamano umezidi. Halmashauri haijadanganya na mzazi anayesema mwanangu anakaa chini naye hajadanganya. Namba inayowakutanisha ni wanafunzi kwa darasa, kwa kila kata, mwaka jana na mwaka huu. Wastani wa halmashauri nzima hautoshi kwa sababu shule za katikati ya mji zinaubeba, ukichanganya shule ya Upanga na ya Chanika unapata wastani mzuri ambao Chanika hawauoni.

Taka, kipimo chako cha karibu

Kama huna muda wa kufuatilia yote hayo basi fuatilia taka, kwa sababu ni ya halmashauri kabisa, haina TARURA wala DAWASA wa kusingiziwa, na unaiona mlangoni kwako. Utaratibu wa mitaa mingi ni kwamba halmashauri inaingia mkataba na kampuni au kikundi, kikundi kinapita na guta au gari nyumba kwa nyumba, mnalipa ada, taka zinapelekwa dampo, kwa Ilala ni Pugu Kinyamwezi. Kutoka katikati ya mji mpaka Pugu ni mbali na foleni mnaijua, gari bovu moja likiharibika linaacha mitaa mitatu inanuka.

Taarifa ya mwaka itakwambia tani zilizozolewa. Isome hiyo namba pamoja na tani zinazozalishwa, maana tofauti yake ndo iliyoko kwenye mtaro, kwenye Mto Msimbazi na kwenye moshi wa jioni nyuma ya nyumba. Kinondoni walijenga kiwanda cha mboji pale Mabwepande kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, na mimi nasema hilo ndo wazo la kuigwa kwa sababu taka zetu nyingi ni maganda na mabaki ya sokoni, ukizitoa hizo gari linabaki na mzigo mdogo sana wa kupeleka mbali.

Na karatasi zote hizi unazo haki ya kuziona. Mapato na matumizi yanatakiwa yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na mtaa, vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa mwananchi kuingia kusikiliza, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 30 kukujibu ukiandika barua. Barua yenyewe haihitaji mwanasheria. Andika jina lako, mtaa wako na unachotaka kujua, mfano mkataba wa kuzoa taka wa kata yenu unaisha lini, gari linatakiwa kupita siku zipi, na ada iliyokusanywa robo iliyopita ni shilingi ngapi. Ipeleke kwa mtendaji wa kata, mwambie akugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na hiyo nakala usiipoteze, maana siku 30 zinahesabiwa kuanzia tarehe ya ule muhuri.